Nitawatembezaje wanafunzi Fort Jesus ili waione Mombasa, si ngome pekee?

Mwalimu wa Historia, Tanga

Asalaam alaykum, na habari za kazi, ndugu zangu.

Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari mjini Tanga, na mwaka jana niliwapeleka wanafunzi 38 wa kidato cha tatu kuitembelea Makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa. Tuliondoka alfajiri, tukavuka mpaka pale Horohoro, tukapita Lunga Lunga na Msambweni hadi Likoni, tukasubiri feri kwa muda mrefu, na tulipofika langoni mwa ngome saa sita ya mchana ilikuwa imekwisha pita. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilipanga kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Tulibakiwa na saa moja na nusu, jua likiwa kali juu ya yale mawe, nikawa nawahimiza watoto kutoka chumba hadi chumba kana kwamba tunakimbilia basi.

Tuliporudi niliwapa kazi ya kuandika kurasa mbili kuhusu waliyojifunza juu ya historia ya mji wa Mombasa, na niliposahihisha nilihuzunika. Karibu wote waliandika juu ya mizinga, unene wa kuta na mifupa ya nyangumi. Mmoja, ambaye darasani ni hodari, aliandika kwamba Vasco da Gama ndiye aliyeijenga ngome, ilhali baharia huyo alifariki mwaka 1524, karibu miaka 70 kabla ya ujenzi kuanza. Hakuna hata mmoja aliyeandika sentensi juu ya watu wa Mombasa wenyewe: walikula nini, waliswali wapi, walijificha wapi mizinga ilipokuwa ikilia juu ya mapaa yao. Ukisoma kazi zile utadhani kwamba kisiwa kile kilikuwa kitupu, wakaja Wareno, wakaja Waomani, wakaja Waingereza, wakapigania jiwe.

Mwaka huu nimeruhusiwa kuwapeleka tena, na safari hii tutalala usiku mmoja. Naomba ushauri wa wenyeji na wa yeyote anayeifahamu makumbusho hii: tutazame nini, tuanzie wapi, na niwaulize watoto maswali gani ili warudi Tanga wakiwa wameujua mji na siyo ukuta wake tu? Watoto hawa ni wa pwani, Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani, na wengine wana jamaa Mombasa. Inaniuma kuona wanapita katika historia yao kama watalii.

Mtembezaji Mstaafu, Mombasa

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimetembeza wageni ngomeni na katika Mji wa Kale kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hilo unalolieleza nimeliona kwa watu wazima pia. Usijilaumu kupita kiasi. Ngome yenyewe ilijengwa ili mtu aitazame na kuiogopa. Aliyeichora, Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwatumikia Wareno, alifuata ujuzi wa kivita wa Ulaya wa zama zake, na kazi ilifanyika kati ya mwaka 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe unaoielekea njia ya kuingilia bandarini. Mtu akifika hapo macho yake huenda kwenye kuta bila ya kuambiwa.

Kwa hiyo usianzie kwenye kuta. Wasimamishe langoni, kabla hawajaingia, na uwaonyeshe jiwe lenye maandishi lililoko juu ya mlango, ambalo wageni wengi hulipita kwa haraka ya kwenda ndani. Ni la mwaka 1635, la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, na limejaa majigambo ya jinsi alivyowatiisha wafalme wa pwani hii na kuwatoza kodi. Waulize watoto: mtu anayejigamba namna hii, ni nini kilichokuwa kimemtia hofu?

Jibu ni Yusuf bin Hassan. Huyu alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa ambaye aliuawa kwa uchochezi wa Wareno. Walimchukua mtoto hadi Goa, koloni lao huko India, wakamlea, wakambatiza kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha wakamrudisha Mombasa atawale chini ya mkono wao. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa wakati huo, akarudia jina lake na dini ya wazee wake. Wareno walituma kikosi kutoka Goa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kikashindwa. Baadaye mwaka huohuo Yusuf aliiacha ngome akashika bahari, nao wakarudi wakaikuta haina mtu. Basi lile jiwe limechongwa na watu waliokuwa wamefedheheshwa miaka minne tu kabla, na aliyewafedhehesha ni kijana waliyemlea wenyewe. Mwanafunzi akilielewa hilo langoni, ataingia ndani akiwa na macho mengine.

Ukishaingia, tafuta kivuli uwaketishe, uwasimulie habari za kuzingirwa kwa ngome na majeshi ya Oman, kulikoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, yaani miezi 33. Katika masimulizi mafupi utasikia kwamba Waarabu waliwashinda Wareno, basi. Lakini ndani ya kuta zile walikuwemo watu wengi wa pwani waliokuwa upande wa Wareno au waliokosa pa kukimbilia, na maradhi yaliwaua kwa wingi. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 Wareno wote waliokuwa ndani walikuwa wamekufa, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daudi wa Faza pamoja na jamaa zake 17, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake 50 wa Kiafrika. Hao ndio walioishikilia hadi meli ya msaada ilipofika mwezi uliofuata. Mimi nilipofika katika sehemu hiyo ya kisa niliwaomba wageni wanyamaze, kisha tukapanda juu na kutembea polepole kwenye njia ya ukutani, buruji hadi buruji, yaani zile ngome ndogo zilizotokeza pembeni mwa ukuta, ili kila mmoja apime kwa miguu yake kazi ya kulinda urefu wote ule usiku, maji yakiwa ya birika na chakula kikiwa kimekwisha. Wapo wageni niliowaona wakilia.

Kati ya mwaka 1631 na 1875 ngome hii ilitekwa na kupotezwa mara tisa. Usiwakaririshe zote tisa. Hiyo moja, ikisimuliwa vizuri, inatosha.

Kuhusu ratiba: milango hufunguliwa saa mbili asubuhi, nawe uwepo hapo saa mbili. Kuanzia saa tano joto huwa kali na vikundi huwa vingi. Wagawe wanafunzi katika makundi ya watu kumi au kumi na wawili, kila kundi na mtembezaji wake, kwa sababu watoto 38 wakimzunguka mtu mmoja, wa nyuma hawasikii chochote. Chukueni vitambulisho vya shule, kwani kiingilio cha wanafunzi na cha raia wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko cha wageni wa mbali. Mkimaliza ngomeni ndipo muingie Mji wa Kale.

Binti wa Kibokoni

Shikamoo, Mzee, na karibu sana Mwalimu. Nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale, hatua chache kutoka ngomeni, na maneno ya Mzee nimeyasoma kwa heshima, hasa kisa cha wale wanawake, ambacho nilisomea mjini humu miaka yote bila ya kufundishwa darasani. Ila katika suala la wapi pa kuanzia naomba tutofautiane.

Mwalimu, waanzishe mjini. Mtoto akitangulia kuiona ngome, Mji wa Kale utamwonekea kama vichochoro vilivyoko nyuma ya ngome. Akitangulia kuuona mji, ataijua ngome kuwa ni kitu kilichokuja kuwekwa mbele ya mji uliokuwepo. Hilo ndilo unalolitafuta.

Waingize Ndia Kuu mapema, wakati maduka yanafunguliwa. Jina lenyewe ni somo, kwa kuwa kwa Kimvita njia ni ndia, na watoto wako wa Tanga watafurahi kuona lahaja imebandikwa kwenye kibao cha barabara. Watazame roshani za mbao zilizochongwa na wajiulize kwa nini zimetokeza juu ya njia. Wakae kidogo kwenye baraza, kama mwenye nyumba ataridhia, wahisi jinsi saruji inavyobaki baridi asubuhi, na waelezwe kwamba hapo ndipo mwanamume alipompokea mgeni wake bila ya kumwingiza ndani kwenye watu wake. Kisha uwapeleke kwenye Msikiti wa Mandhry, ambao unatajwa kuwa wa mwaka 1570. Wasimame nje, wautazame mnara wake mweupe, na wewe uwaambie wahesabu: ikiwa ni hivyo, watu walikuwa wakiswali hapa zaidi ya miaka 20 kabla ya ngome kuanza kujengwa, na bado wanaswali. Hiyo hesabu ndogo hawataisahau.

Halafu kuna hili la jina. Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwahi kutamka Fort Jesus. Alisema Ngomeni, na alipolitaja neno hilo alishusha sauti, kwa sababu katika maisha yake mahali hapo palikuwa jela. Waingereza walipageuza gereza mwaka 1895 na hali ilibaki hivyo hadi mwaka 1958, kisha makumbusho ikafunguliwa mwaka 1960. Ndugu yake alifungwa humo, na bibi alikuwa msichana mdogo anayeshikwa mkono na mama yake kusimama nje ya ukuta wakisubiri habari. Hata makumbusho ilipokuwa imefunguliwa miaka mingi, na sisi wajukuu tukiingia na kutoka tunavyopenda, yeye aliishia langoni akatungoja chini ya mti. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaogopa ngazi.

Na neno gereza lenyewe, Mwalimu, ukiweza litumie darasani. Wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Kanisa lilikuwemo ndani ya ngome na mabaki yake yangali yanaonekana. Katika Kiswahili cha zamani jengo la ngome liliitwa gereza, kisha, ngome zilipotumika kufungia watu, neno likawa na maana tunayoijua sisi. Neno moja limebeba kanisa, ngome na jela, na watoto wanalitamka kila siku. Pamoja nalo wape meza, bendera, leso na karata, ambayo yote yametoka kwa Wareno, ili waone kwamba waliofukuzwa waliacha vitu vyao midomoni mwetu.

Nina ombi moja zaidi. Msiondoke ngomeni bila ya kusoma shairi la Muyaka bin Haji kwa sauti. Huyu ni mshairi wa mji huu, aliyeishi zama za utawala wa Mazrui, ukoo wa asili ya Oman uliotawala Mombasa, na kufariki karibu mwaka 1840, na mashairi yake yana vita, siasa, mapenzi, njaa na mahangaiko ya biashara. Zama hizo zilikoma mwaka 1837, Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipoitwaa ngome, wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, Uajemi, na jamaa zao waliosalia wakahamia Takaungu na Gazi. Gazi hiyo mtaipita njiani mkitoka Lunga Lunga, kabla hamjafika Ukunda. Msimamishe dereva hapo dakika tano tu, watoto watazame, ili wakifika katika ukumbi wa Mazrui ngomeni wajue wenyewe walihamia wapi.

Mwanafunzi wa Akiolojia

Nawasalimu nyote. Naongeza machache upande wa vitu vilivyomo kabatini, kwa sababu naona tumezungumza juu ya kuta na mitaa, ilhali majibu ya maswali ya Mwalimu, yaani watu walikula nini na waliswali wapi, mengine yamo nyuma ya vioo.

Mombasa ni kongwe kuliko Mji wa Kale tunaoutembea leo. Uchimbaji uliofanywa miaka ya 1970 katika eneo la Hospitali ya Mkoa wa Pwani, upande wa kaskazini, ulionyesha makazi ya karne nyingi kabla ya Wareno. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, na aliyoyaandika yanamjibu Mwalimu moja kwa moja: watu wa kisiwa hiki walikula ndizi na samaki, nafaka zao zililetwa kwa mashua kutoka pwani ya bara, walikuwa na ndimu na tunda ambalo kwa maelezo yake tunalitambua kuwa ni zambarau, misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi ambavyo mtu alichota maji kwa kata ya mti, akaosha miguu, akaingia. Wasomee wanafunzi aya hiyo kabla ya safari. Kisha waambie wakiwa Mombasa watafute ndizi, samaki, zambarau na mahali pa kutia udhu, na waone ni vingapi watavikosa.

Ndani ya ukumbi wa maonyesho watakuta vyombo vilivyochimbuliwa katika magofu ya miji ya kale ya pwani, Gede, Manda, Ungwana na Jumba la Mtwana, pamoja na vya hapohapo ngomeni. Macho ya kila mtu hukimbilia kauri za China, zile nyeupe zenye maua ya buluu, kwa kuwa zinang'aa na zimetoka mbali. Ziangalieni, lakini msiishie hapo. Mwombe kila mwanafunzi atafute kipande kimoja cha chungu cha kupikia kilichofinyangwa hapa pwani, akae mbele yake na penseli, akichore. Mkono ukichora, jicho hulazimika kuuliza. Ataona mistari iliyochorwa shingoni mwa chungu udongo ulipokuwa bado mbichi. Ataona mahali masizi yalipokolea. Atatambua kwamba mfinyanzi alikuwa mtu, yaelekea mwanamke, aliyepitisha kijiti hapo kwa sekunde chache na kuendelea na kazi yake. Nimefanya zoezi hili na watoto wa shule za msingi, na walitulia kuliko nilivyotarajia.

Usiwakoseshe pia vitu vya Santo António de Tanna. Ni meli ya kivita ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati wa kule kuzingirwa alikosimulia Mzee, na ilichimbuliwa na wapiga mbizi kati ya mwaka 1977 na 1980. Meli hiyo iliundwa Bassein, India, ikaja kufia Mombasa. Na katika chumba chenye michoro ya ukutani, tazameni meli na kanisa vilivyochorwa na askari au mabaharia wa Kireno waliokuwa kwenye zamu. Mistari yake haina ustadi mkubwa. Ni kazi ya watu waliochoka, walio mbali na kwao, na mbele ya michoro hiyo hata adui huonekana kuwa na mama.

Kuhusu kuanzia ngomeni au mjini, mimi niko pamoja na Binti wa Kibokoni.

Mwalimu wa Historia, Tanga

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimechapisha majibu yenu yote na nimeyasoma mbele ya walimu wenzangu. Nimeamua hivi: tutafika Mombasa siku ya kwanza mchana, tukiwa tumesimama Gazi njiani, na jioni watoto watapumzika. Siku ya pili tutaingia Ndia Kuu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunywe chai ya mahamri na mbaazi hukohuko, tuufikie Msikiti wa Mandhry, na saa mbili kamili tuwe langoni mwa ngome chini ya lile jiwe la mwaka 1635. Mzee atanisamehe kwa kuubadili mpangilio wake, lakini wanafunzi watatembea juu ya ukuta buruji hadi buruji kama alivyoelekeza, na kisa cha wanawake 50 nitakisimulia mwenyewe. Kila mtoto atabeba penseli na karatasi tatu, naye yule aliyeandika habari za Vasco da Gama nimempa kazi ya kuhifadhi shairi la Muyaka na kulisoma ngomeni. Amelipokea kwa furaha.

Nimebakiwa na swali moja. Wanafunzi wangu ni mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, wavulana na wasichana. Je, wataruhusiwa kuingia ndani ya Msikiti wa Mandhry, au tutosheke na kuutazama kutoka nje?

Binti wa Kibokoni

Mwalimu, tosheka na nje kwa kundi zima, kwa sababu ni msikiti wa kuswali kila siku na njia iliyo mbele yake ni nyembamba. Atakayetaka kuingia aombe kwanza kwa wasimamizi wa msikiti, nje ya nyakati za sala, naye akubali jibu lolote atakalopewa. Wasichana wavae mitandio na wavulana suruali ndefu tangu asubuhi, hata kama hawaingii popote, maana watakuwa wanapita milangoni mwa watu wakati watu wanaamka. Saa kumi na mbili na nusu mbaazi zitakuwa ndiyo kwanza zinaiva, basi pigeni zamu ya baraza kwanza, ndipo mrudi kwenye chai.